Jina la Marburg: Somo kwa Washarika wa Ngara na Biharamulo



Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, Daktari Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza ya kuwa ugonjwa wa Marburg umeonekana katika Wilaya ya Biharamulo. Hata ilipofika tarehe 13 Machi mwaka ule ule, ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Watu wawili walikuwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wengine wanane walihesabiwa kuwa yamkini waliugua ugonjwa huo huo. Wote kumi walikufa. Twawaombea faraja wote waliofiwa.

Ugonjwa ulikwisha, lakini jina lilibaki, nalo ni jina geni vinywani mwetu, gumu kulitamka na gumu kuliandika. Mtu akilisikia bila kulielewa, huogopa tu. Na mwenye kuogopa jina huweza kumficha mgonjwa wake, au kumtupia jirani yake jina hilo kama jiwe. Kwa sababu hiyo tumeona vema kufanya somo la mwezi huu juu ya jina lenyewe: lilitoka wapi, limepata kuwa na maana gani kwa watu mbalimbali, na sisi Wakristo imetupasa kulitumiaje. Wengine watastaajabu kusikia ya kuwa jina hili ni la zamani katika Kanisa letu, nalo lilisomwa katika vitabu vya Walutheri zaidi ya miaka mia nne kabla halijawa jina la maradhi.

1. Mji ulioko mpakani

Marburg ni mji wa Ujerumani, katika nchi ya Hesse, juu ya kilima kando ya mto Lahn. Wajuao lugha za kale hueleza kwamba jina hilo lina asili katika neno lenye maana ya mpaka, kwa kuwa mahali pale palikuwa kati ya milki za watawala wawili. Wakaao Ngara, ambao kutoka kwao mtu huona Rwanda upande mmoja na Burundi upande wa pili, hawatashindwa kuelewa maisha ya mji wa namna hiyo. Mpakani hupita biashara, hupita wakimbizi, hupita habari, na maradhi nayo hupita.

Mtu wa kwanza aliyeupa mji huo sifa kubwa alikuwa mwanamke. Elisabeth, binti wa mfalme wa Hungaria, alizaliwa mwaka 1207, akaolewa na mtawala wa Thuringia. Mumewe alikufa mwaka 1227 akiwa safarini kwenda vitani. Mwaka 1228 mjane huyo kijana alikwenda Marburg, akajenga nyumba ya wagonjwa, akawahudumia maskini kwa mikono yake mwenyewe. Hakutuma watumishi tu wamfanyie kazi hiyo. Alikufa mwaka 1231, umri wake miaka 24. Basi katika siku zile, mtu akitaja Marburg, wasikiao walikumbuka mwanamke aliyewaosha wagonjwa. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya jina hili: huruma.

2. Meza ya Marburg, mwaka 1529

Maana ya pili waijua wachungaji na wainjilisti waliosoma historia ya Kanisa. Philipp, mtawala wa Hesse, aliyekuwa wa uzao wa Elisabeth, aliipokea Injili iliyohubiriwa na Martin Luther. Mwaka 1527 akaanzisha chuo kikuu mjini Marburg. Kisha, mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba 1529, aliwaita ngomeni mwake walimu wakubwa wa Matengenezo ya Kanisa, ili wapatane juu ya Chakula cha Bwana. Walikuja Luther na Philipp Melanchthon kutoka Wittenberg, Ulrich Zwingli kutoka Zürich, na Johannes Oekolampad kutoka Basel, pamoja na wengine.

Waliandika maneno kumi na tano. Katika kumi na manne walipatana. Katika neno la kumi na tano walipatana sehemu, lakini hawakupatana kama mwili na damu ya Bwana vipo kweli katika mkate na divai. Luther alishika neno la Bwana kama lilivyoandikwa, wala hakutaka kulipunguza. Kwa hiyo kwa Walutheri jina la Marburg lilikuwa jina la meza: meza ambayo ndugu walikaribia kukaa pamoja, wasiweze.

Yako mambo katika habari hiyo yasiyotajwa mara nyingi. Mazungumzo yale yalifupishwa na ugonjwa. Katika mwaka ule ule wa 1529 maradhi makali yaliingia Ujerumani, yakafika hata Marburg. Mtu alishikwa na homa na jasho jingi, na wengine walikufa kwa muda wa saa chache. Philipp aliona haifai wageni wake wakae zaidi, nao wakaondoka. Na watu wa Ujerumani waliyaitaje maradhi hayo? Waliyaita jasho la Kiingereza, kwa sababu yalijulikana kwanza Uingereza mwaka 1485. Hivyo watu wa Marburg waliukimbia ugonjwa uliobandikwa jina la nchi ya wengine, wala hawakujua ya kuwa zitakuja siku ambapo jina la mji wao litabandikwa ugonjwa, na watu wa nchi nyingine walikimbie.

3. Mji wa dawa

Maana ya tatu ilikuja na mganga Emil von Behring. Alikwenda Marburg mwaka 1895 kuwa mwalimu katika chuo kile. Alikuwa amegundua pamoja na wenzake jinsi ya kutengeneza dawa kutokana na damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga, ili kuwaponya watoto wenye dondakoo. Ugonjwa huo ulikuwa ukiwakaba watoto koo hata wakafa. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya utabibu, naye alikuwa mtu wa kwanza kuipata. Mwaka 1904 akaanzisha kiwanda cha dawa mjini Marburg, kilichoitwa kwa jina lake, Behringwerke.

Akina mama wa Ngara na Biharamulo wapelekao watoto kliniki kuchomwa sindano ya dondakoo na pepopunda wanashiriki matunda ya kazi ile, hata kama hawajapata kusikia jina la mji. Yaani wema wa Marburg ulifika kwetu kabla ya ubaya wake.

4. Jinsi mji ulivyopata kuwa maradhi

Ilikuwa katika kiwanda hicho hicho kwamba jina liligeuka. Mwezi wa Agosti 1967 wafanyakazi kadhaa wa Marburg walishikwa na homa kali, kichwa kuuma sana, kutapika na kuharisha, na wengine wakatokwa na damu. Wakati ule ule wagonjwa wa namna hiyo walionekana Frankfurt, na Belgrade katika Yugoslavia. Waganga walipochunguza waliona jambo moja lililowaunganisha wote: walikuwa wameshika damu na viungo vya tumbili walioletwa kutoka Uganda, au walikuwa wamewauguza watu waliokwisha kuugua. Tumbili hao walitumiwa katika kutengeneza chanjo ya polio, ugonjwa wa kupooza. Watu 31 waliugua, na saba wakafa. Wengine katika hao walioambukizwa walikuwa wahudumu wa hospitali.

Wataalamu wa Marburg hawakukawia. Kabla ya mwaka ule kwisha walikuwa wamekitambua kirusi kilichosababisha ugonjwa, nacho kikaitwa kwa jina la mji ambako wagonjwa wengi walikuwako. Hakuna mtu aliyefanya shauri la kuuaibisha mji. Ilikuwa desturi tu ya wakati ule. Walakini tangu hapo ukitaja Marburg mbele ya watu wa mbali, wachache humkumbuka Elisabeth, au Luther, au Behring. Wengi hukumbuka damu.

Wenyeji wa Marburg waweza kutuambia neno la haki kuhusu jambo hili. Kirusi hakikuzaliwa kwao. Makao yake ni katika popo walao matunda, wa aina iishiyo kwa wingi mapangoni na machimboni katika Afrika. Mwaka 2007 wachimba madini wa Kitaka, magharibi ya Uganda, waliugua, na wataalamu waliochunguza popo wa machimbo yale walikikuta kirusi chenyewe ndani yao. Hivyo mji wa Ujerumani hubeba jina la maradhi yasiyo yake, kwa sababu moja tu, kwamba pale ndipo yalipotambuliwa.

5. Ziwa letu nalo liliingizwa katika jina

Wasomaji wetu pengine hawajui ya kuwa hata ziwa letu limepata kutiwa katika jina hili. Kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa karne hii ya 21, wataalamu wapangao majina ya virusi waliandika katika orodha zao jina lenye maana ya kirusi cha Marburg cha Ziwa Victoria. Baadaye waliliondoa jina la ziwa, na sasa aina hiyo huandikwa kwa namna ya Kilatini, Orthomarburgvirus marburgense. Ziwa limetoka, Marburg imebaki.

Tena nchi zilizo jirani na ziwa hilo zina majina mengi katika vitabu vya waganga. Homa ya Bonde la Ufa ilipata jina lake Kenya, katika miaka ya 1930 na 1931. Kirusi cha West Nile kilitambuliwa mwaka 1937 kwa mgonjwa wa wilaya ya West Nile, Uganda. Zika ni jina la msitu karibu na Entebbe, ambako kirusi chake kilipatikana mwaka 1947. Watu wa Ulaya na Marekani walioogopa Zika walikuwa wakilitaja jina la msitu wa Uganda bila kulijua.

Si Afrika peke yake iliyotendwa hivyo. Mwaka 1918 homa kuu iliyoua mamilioni ya watu duniani iliitwa homa ya Hispania. Haikuanza Hispania, bali nchi ile haikuwa vitani, na magazeti yake yaliruhusiwa kuandika habari za wagonjwa, hali mataifa yaliyopigana yalizificha. Basi waliosema kweli ndio waliobandikwa jina. Hapo pana onyo kubwa. Tukimwaibisha mtu wa kwanza asemaye kweli juu ya ugonjwa, wa pili atanyamaza.

Jambo hili lilitambuliwa na baadhi ya waganga mapema. Mwaka 1976 ugonjwa mpya, wa jamaa moja na Marburg, uliwaua watu wengi Yambuku, katika nchi ya Kongo, palipokuwa na hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Wataalamu waliokwenda kuuchunguza walikumbuka kwamba mji wa Lassa, Nijeria, ulibakiwa na aibu baada ya ugonjwa kuitwa kwa jina lake mwaka 1969. Kwa hiyo hawakutaka kuiita maradhi Yambuku. Wakachagua jina la mto, ndio Ebola. Mto hauna mtoto wa kutukanwa shuleni.

Yako pia majina yaliyotolewa na wagonjwa wenyewe, nayo yaeleza maumivu bila kumtaja mtu wala mahali. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na viungo ulienea kusini mwa Tanganyika, katika nchi ya Wamakonde. Wao waliuita chikungunya, neno la lugha yao lieleyezalo jinsi mgonjwa anavyokunjwa na maumivu. Dunia nzima sasa hutumia neno hilo la Kimakonde, wala hakuna kijiji kinachoona haya kwa ajili yake.

Na sisi wa Kagera tumekwisha kuona kwa macho yetu jina lenye mashaka na jina lenye maelezo. Katika mwanzo wa miaka ya 1980, ugonjwa mpya ulipokuja katika mkoa wetu, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda. Jina hilo lilikuwa na lawama ndani yake: lilinyosha kidole kwa wafanya magendo na wanawake waliopenda nguo nzuri. Ndipo baadaye likaja neno UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Jina hilo halimsingizii mtu, laeleza tu jambo linalotukia mwilini. Hata hivyo twajua ya kuwa neno jema haliwezi peke yake kuondoa aibu. Watu wenye ugonjwa huo walitengwa hata baada ya jina kubadilika, mpaka walipopatikana wa kuketi nao.

Mwezi wa Mei 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri kwamba magonjwa mapya yasipewe tena majina ya miji, nchi, watu, kazi au wanyama. Kwa sababu hiyo ugonjwa uliotokea mwisho wa mwaka 2019 haukupewa jina la mji, bali uliitwa kwa herufi na tarakimu, nasi kwa Kiswahili twauita UVIKO-19. Lakini shauri hilo halikuyafuta majina ya zamani, na Marburg ni mmojawapo wa majina hayo.

6. Jina lilivyoingia mkoani mwetu

Kwa miaka zaidi ya hamsini ugonjwa huu ulitajwa katika nchi nyingine tu: Kenya, Kongo, Angola, Uganda na kwingineko. Tarehe 21 Machi 2023 ukatangazwa kwa mara ya kwanza katika Tanzania, Wilaya ya Bukoba. Watu tisa walihesabiwa kuwa waliugua, na sita wakafa. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni mwaka ule. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda nayo ilitangaza ugonjwa huo. Huko walihesabiwa wagonjwa 66, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya, na 15 walikufa. Ukaisha tarehe 20 Desemba. Kisha Januari 2025 ikawa zamu ya Biharamulo.

Tazameni jinsi lawama inavyoweza kusafiri pamoja na habari. Mwaka 2023 wa Rwanda waliweza kusema: Ni ugonjwa wa Kagera. Mwaka 2024 sisi tuliweza kusema: Ni ugonjwa wa Rwanda. Mwaka 2025 jirani zetu waliweza kusema: Ni ugonjwa wa Biharamulo. Kwenye barabara itokayo Rusumo, ipitayo Nyakahura hata Lusahunga, magari ya mizigo hupita usiku na mchana, na kila dereva hubeba pamoja na mzigo wake jina la mahali atokapo. Lakini popo hana pasi ya kusafiria, wala kirusi hakiulizi mtu ni wa wilaya gani.

Watu wa Ngara wana ukumbusho wao pia. Mwisho wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja, watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kwa muda mrefu baadaye jina la Ngara katika magazeti ya dunia lilikuwa na maana moja tu, kambi za wakimbizi, kana kwamba hapakuwa na mashamba, wala shule, wala watu wasalio. Wajua basi jinsi ilivyo mahali pako kuitwa kwa taabu iliyokupata.

7. Neno la Mungu latufundisha nini

Kwanza, someni Marko 14:3. Bwana Yesu aliketi chakulani Bethania katika nyumba ya mtu aitwaye Simoni mkoma. Sheria ya Musa, katika Walawi 13, ilimwamuru mwenye ukoma kukaa nje peke yake. Kwa hiyo walimu wengi hufahamu ya kuwa Simoni alikuwa amekwisha kutakasika, kwani aliwakaribisha wageni mezani. Maradhi yalimwacha, jina halikumwacha. Naye Bwana hakungoja watu waache kumwita hivyo, bali aliingia nyumbani mwake akala. Na wale waliopona Marburg, kama wale wengi waliopona Rwanda, wana haki ya kuketi mezani petu wakiitwa kwa majina yao ya ubatizo.

Pili, someni Yohana 1:46. Nathanaeli aliposikia jina la Nazareti aliuliza kama neno jema laweza kutoka huko. Jina la mahali lilitaka kumzuia asimwone Mwokozi. Filipo hakushindana naye kwa maneno mengi. Alimwalika aje aone. Nasi mtu akiudharau mji au kijiji kwa sababu ya maradhi yaliyokipata, jibu letu liwe hilo.

Tatu, someni Yohana 9:1-3. Wanafunzi walimwona kipofu wakatafuta mwenye dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliwakataza njia hiyo ya kufikiri. Msibani mara nyingi watu hutafuta mwenye lawama: mchawi, mgeni, mjane, muuguzi. Kirusi kitokacho kwa popo hakihitaji mchawi ili kumwingia mtu.

Nne, ikumbukeni Amri ya Nane, tuliyojifunza katika Katekisimo Ndogo. Luther katika maelezo yake hakuridhika kwamba tusiseme uongo juu ya jirani. Alifundisha kwamba imetupasa kumtetea, kumnenea mema, na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Basi kumwita mtu Marburg kwa sababu ametoka Biharamulo ni kuivunja amri hiyo, hata kama msemaji asema alikuwa akitania.

Walakini tusifikiri ya kuwa upendo ni kusema hakuna hatari. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi waliondoka, lakini Luther alikaa kuwahudumia wagonjwa, akaandika kitabu kidogo juu ya swali la kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia mauti. Alifundisha kwamba mwenye wajibu kwa wagonjwa asiwaache. Na pia kwamba mtu atumie dawa, aisafishe nyumba, wala asiende mahali asipohitajiwa, asije akawa sababu ya mauti ya mwingine. Asiyejilinda kwa kiburi humjaribu Mungu. Hayo mawili hayapingani: kutomtupa mgonjwa, na kutoueneza ugonjwa.

8. Mambo yatupasayo kutenda

Ugonjwa huu huanza ghafula kwa homa kali, kichwa na misuli kuuma, kisha kutapika na kuharisha; wengine hutokwa na damu. Mwanzoni hufanana na malaria, kwa hiyo mtu asijipime kwa macho. Dalili hutokea baada ya siku 2 hata 21 tangu kuambukizwa. Hauenei kwa hewa kama mafua, bali kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, na vitu vilivyochafuliwa navyo. Kwa hiyo, ugonjwa ukitangazwa, na yafanyike haya:

Mgonjwa apelekwe kituoni upesi, tena waganga waambiwe kweli yote: amemwuguza nani, amezika wapi, ameingia pango au machimbo gani. Wazee wetu wamesema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Maiti asioshwe wala kukumbatiwa na jamaa, bali azikwe na watu waliofundishwa. Twajua hili ni gumu kuliko yote, kwa maana kumwosha mfu wetu ni heshima ya mwisho. Lakini mchungaji aweza kusimama mbali kidogo akasoma neno na kuomba, na mazishi yale ni mazishi kamili mbele za Mungu. Ufufuo hautegemei maji tuliyomwogesha mtu.

Katika matangazo ya kanisani, lisemwe jina la ugonjwa kwa uwazi, wala yasisemwe majina ya wagonjwa. Mwinjilisti asiseme "ugonjwa wa watu wa mahali fulani". Aseme ugonjwa ni upi, waenezwaje, na watu wafanye nini.

Nao wazee wa kanisa, siku za hatari zikiisha, waende kwa nyumba zilizofiwa. Wasingoje jamaa hao warudi kanisani wenyewe, kwa maana mwenye kuona haya huchelewa kurudi. Yatima aitwe kwa jina lake, na mjane aketishwe mahali pake pa zamani.

Hivyo jina la Marburg litaendelea kutajwa kwetu, hatuwezi kulifuta. Lakini twaweza kuongeza maana yake. Mji ule ulijulikana kwanza kwa mwanamke aliyekaa na wagonjwa. Ikiwa watoto wetu watakapouliza miaka ijayo, Marburg ilikuwa nini, wazee wa Biharamulo wataweza kuwajibu: Ilikuwa siku ambazo watu kumi walikufa, na sharika zikawatunza jamaa zao, basi jina hilo litakuwa limerudi karibu na maana yake ya kwanza.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Taja maana nne za jina la Marburg kabla na baada ya mwaka 1967. Ni ipi iliyokuwa mpya kwako?

2. Kwa nini Hispania ilibandikwa jina la homa ya mwaka 1918? Jambo hilo latufundisha nini juu ya mtu asemaye kweli mapema?

3. Soma Marko 14:3. Je, katika usharika wenu yuko mtu ambaye bado aitwa kwa jina la maradhi au msiba uliokwisha kumwacha? Mtafanya nini?

4. Mtu asema, "Kuogopa maambukizo ni kukosa imani." Mjibu kwa mafundisho ya Luther ya mwaka 1527.

5. Ikiwa ugonjwa huu utatangazwa tena, tangazo la kanisani litasemaje? Liandikeni pamoja sasa, kabla ya haja.